Shahidi Kwenye Mashua ya Ng'ambo

Mbio zetu za mashua na watu wa ng'ambo ya Ruvuma zina kanuni nilizozikuta. Kila ufuko hutoa mashua moja. Hushindana raundi tatu, na anayeshinda mbili huchukua mbio za mwaka unaofuata zikafanyike kwao. Kila mashua humbeba shahidi kutoka upande wa pili, ahakikishe hakuna injini iliyofichwa. Hagusi kamba wala kasia, lakini hukaa anapoambiwa na nahodha, maana naye ni uzito. Aliyetunga kanuni hiyo simjui. Ningemkuta ningempa vidonge vyake.

Vita vilipotukimbiza, mbio zilisimama. Watu wa ng'ambo walikataa kushindana na wengine, wakatungoja. Mwaka huu tumerudi, na mbio zikafanyika kwetu kwa kuwa mara ya mwisho tulishinda sisi. Nahodha wetu alikuwa kaka yangu. Mama alitaka jambo moja tu: zisiondoke hapa. Tulipokuwa tukivuka mto kukimbia, maji yalimchukua mdogo wetu, na mama, tulipovuka kurudi, akaapa havuki tena. Mbio zikienda ng'ambo, hatamwona tena mwanawe akishindana.

Na mimi ndiye niliyepangwa kuwa shahidi kwao.

Kila mashua ilishinda raundi moja. Katika ile ya mwisho kaka alitutangulia kidogo, nami nikawa nashangilia moyoni huku uso nimeukaza. Mara upepo ukazidi, mashua niliyokuwamo ikalala. Nahodha wa ng'ambo hakupandisha hata sauti.

"Shahidi, tafadhali toka nje."

Ubao wa kukalia mtu wa kusawazisha mashua ulikuwa umetokeza juu ya maji, upande wa upepo. Nilijua nikijikokota kidogo tu watalazimika kulegeza tanga, na kaka atashinda. Hakuna ambaye angejua. Nilimchukia yule mtu kwa adabu yake. Nikatambaa hadi ncha ya ubao, mawimbi yakinichapa mgongoni. Mashua ikainuka, ikampita kaka. Aliniona.

Ufukoni akaniuliza, "Ulitoka mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Tá bom, haya," akasema, akaenda kukunja tanga peke yake.

Mama alikuwa anawapakulia wageni wali, na alikuwa ametusikia. Hakunitazama. Alimwongezea samaki nahodha wa ng'ambo, kisha akasema, "Kuleni, wanangu. Mimi mbio zangu ndizo hizi za leo."