Kuku wa Ngalula

Juzi, mjukuu wangu alipovunjika mkono, daktari alinieleza kuwa mfupa hujiunga kwanza kwa gegedu laini, ambalo hugeuka mfupa polepole. Nilimkumbuka dada yangu mdogo, Ngalula, kwetu Musonoi.

Mguu wake ulikuwa umevunjika. Mganga alimfunga vijiti, akavunja na mguu wa kuku, akaufunga vilevile. "Kuku ikitembea, mutoto naye atatembea," alituambia.

Alasiri moja, mama akiwa sokoni, kuku yule alivuka ua kwa miguu yote miwili. Chumba kilinuka mawese aliyopakwa Ngalula. Nikamfungua vijiti.

"Yaya, na kama mi naanguka?" aliniuliza mimi mkubwa wake.

"Kuku inakushinda? Simama!"

Alisimama. Nilisikia mlio mdogo, kama muhogo mbichi unavyovunjwa, kisha kilio.

Sikujua kwamba mfupa wa kuku hupona upesi, na wa dada yangu ulikuwa bado laini, ukijisuka gizani. Mama alipouliza, nilisema alivifungua vijiti mwenyewe. Nilidanganya.

Mganga alimfunga upya, na mfupa ule ukaanza kazi yake yote toka mwanzo, bila kinyongo. Ulipona umepinda kidogo. Umembeba Ngalula mpaka uzeeni, na watoto sita mgongoni, mmoja baada ya mwingine.