Foleni ya Samaki Wasiouzwa

Sina hakika kama jambo hili linastahili karatasi. Shule niliiacha darasa la sita, na nionavyo mimi watu huandika habari za vita au za mapenzi. Mimi nina habari ya kuhamisha samaki kutoka tangi moja kwenda lingine, hapo Kariakoo, miaka ile ya foleni, bidhaa zilipoadimika madukani. Atakayeona ni upuuzi simlaumu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa pwani, mjane, katika nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nilikuja mjini kumsaidia baba yangu mdogo dukani. Bahari nilikuwa sijapata kuiona, na nilipoiona ilinipumbaza. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao akaniachia tangi la kioo na mashine yake ndogo ya kupuliza hewa majini, nami nikaanza kulijaza tangi: maji ya bahari, mawe ya matumbawe, kaa wadogo, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe. Hao wawili walikuwa wakiishi ndani ya kiumbe laini kinachofanana na ua, chenye vidole vingi, kilichojishika kwenye jiwe. Ua likifunguka, wanacheza ndani yake. Likijikunja, wanahangaika nje kama watu waliofungiwa mlango. Jioni sikuwa na mtu wa kuzungumza naye mjini, basi nilikaa kwenye kigoda nikawatazama.

"Mangi," bibi aliniambia siku moja. Ndivyo alivyoniita, kama wanavyoitwa wenye maduka wa kwetu, ingawa duka halikuwa langu. "Kwenu mnalala na ng'ombe ndani. Nilidhani ukija mjini utaacha. Kumbe umebadilisha mnyama tu."

"Samaki hawapigi kelele, bibi."

"Ng'ombe unamkamua. Hawa unawakamua nini?"

Kwa haki niseme kwamba la ng'ombe alikuwa amepatia. Na niseme pia kwamba mara nyingi nikirudi kazini nilikuta kigoda kimesogezwa karibu na kioo. Sikuuliza.

Kisha chuma cha tangi kikaliwa na kutu, likaanza kuvuja. Maji ya chumvi yakatambaa hadi ukumbini, juu ya sakafu nyekundu ambayo marehemu mumewe aliimimina kwa mikono yake mwenyewe. Hapo bibi hakutania. Au alitania, lakini macho hayakuwemo.

"Jumapili likizama jua, sakafu yangu iwe kavu. La sivyo nawasha jiko, na pilipili ninayo."

Baba mdogo ndiye aliyeniokoa. Dukani tulikuwa na kabati la vioo la kupangia bidhaa, na ndani yake vilibaki kiberiti na dawa ya viatu tu. "Chukua vioo," alisema. "Tunaonyesha hewa kwa nini?" Fundi vioo akavikata, akaviunganisha kuwa tangi jipya, akanipa sharti moja: nikishalijaza tangi lile nisilisogeze hata kidogo, maana litafumuka.

Jumapili ile nikaenda Magogoni maji yalipokuwa yanaingia, nikajaza mapipa mawili. Mwenye mkokoteni akayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, jua lisiyachemshe, tukaanza safari ya kurudi. Wazo la magunia nililisifu mimi mwenyewe, wala simsukumii yeye lawama.

Tulipofika Mnazi Mmoja mama mmoja akaanza kutembea nyuma yetu. Kisha wawili. Mwenye mkokoteni aliposimama kupumua, mmoja akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mafuta?"

"Maji."

Wakacheka. "Eti maji! Nani anayafunika maji?"

Nikageuka nikasema ni maji kweli, tena ya bahari. Nadhani hilo ndilo lililoharibu zaidi, kwa sababu mtu mwenye maji tu hana haja ya kuapa. Tulipoingia mtaani kwetu nyuma yetu palikuwa na foleni iliyonyooka, yenye vibuyu, chupa na madumu matupu, na wa nyuma wakiwauliza wa mbele wanapanga nini.

"Sijui, panga kwanza."

Foleni ikaziba mlango. Mkokoteni haukuweza kupita kwenda uani, ambako dirisha la chumba changu lilikuwa, na ndani ya chumba mawe ya juu yalikuwa yameshatoka nje ya maji. Ua limenywea kama kitambaa kilichokamuliwa. Wale wawili wamejibana pembeni.

Bibi akatoka na khanga yake mabegani, akaitazama foleni toka mwanzo hadi mwisho.

"Mangi, umefungua duka kwenye nyumba yangu?"

"Shikamoo, bibi. Hapana, bibi. Wanadhani ni mafuta."

Akaenda kwenye pipa, akafunua gunia, akachovya kidole na kulamba. Akatema. "Haya, aje mmoja aonje, awaambie wenzake." Mama wa kwanza akaonja, uso ukamkunjamana.

"Chumvi!"

Sauti ikatoka nyuma: "Hata chumvi tunachukua! Kila mtu anapata kiasi gani?"

Hakuna aliyeondoka. Siwalaumu, maana mtu aliyesimama juani ana haki ya kujua alichosimamia. Ila mimi nilikuwa naona jua linashuka na mlango umezibwa, na nilijisikia kulia, mtu mzima.

Bibi akaniangalia usoni kwa muda. "Leta hilo kabati lako hapa," akasema, akionyesha ukumbini, penye meza yake ya kukatia mboga.

"Bibi, likishajazwa halisogezwi."

"Nimekwambia ulisogeze?"

Basi foleni ile ikageuka ya kazi. Ndoo zikapita mkono kwa mkono kutoka kwenye mapipa hadi mezani, na mapipa mawili yakaisha kabla sijaamini. Samaki niliwaweka kwenye beseni, na kijana mmoja wa foleni mwenye baiskeli akatoa pampu yake tukawapulizia hewa, watu wakipokezana kuisukuma na kutaniana nani ana mapafu. Ua nililibeba pamoja na jiwe lake, kwa mikono yote miwili, sikuthubutu kulibandua. Bibi alitaka kufukiza ubani ndani ya tangi, kwa kuwa nyumba mpya haiingiwi hivihivi. Nikamsihi afukize ukumbi tu. Akakubali, lakini alisema Wachaga hatuna adabu.

Tangi la zamani likatolewa, sakafu ikapigwa deki. Jua lilipozama ilikuwa kavu.

"Mliopanga mna haki yenu," bibi akawaambia waliobaki. "Ingieni mmoja mmoja, kwa zamu." Wakaingia na madumu yao, wakatazama, wakatoka. Mzee wa mwisho alisimama akakuna kidevu.

"Hawa ni wa kula?"

"Wa kutazama," bibi akasema.

"Basi nimeshapata kiasi changu," mzee akajibu, akaenda zake.

Ila ua halikufunguka. Tulikaa hadi bibi akaniambia nikalale, kwa kuwa sura yangu ndiyo inayolitisha. Mashine yangu ndogo ya hewa waya wake haukufika ukumbini, na kijana alikuwa ameondoka na pampu yake. Nililala nikijua asubuhi nitakuta wamekufa.

Kulipopambazuka nikasikia maji yanamiminika. Nikatoka mbio. Bibi alikuwa kwenye kigoda changu, bado na ushungi wake wa sala, anachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, anachota na kumimina, ili wapate hewa. Ua lilikuwa limefunguka vidole vyote. Wale wawili walikuwa ndani yake, wakichungulia nje kama wapangaji wapya.

Chini ya meza, toka kwenye kigoda hadi karibu na mlango wangu, palikuwa na dimbwi.

"Bibi," nikasema, "sakafu imelowa."

"Sakafu ya nani?"

"Yako, bibi."

"Basi nyamaza, usiwashtue," akasema, akachota tena.