Sauti Tuliyoihamishia Kwenye Seva

Nilikuwa fundi mitambo wa redio ndogo ya jamii pale Kilwa Masoko. Mtangazaji wetu wa siku nyingi alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Kikole, ambaye alisoma matangazo ya vifo na kuongoza kipindi cha wakulima wa korosho na ufuta. Mimi aliniita binti yangu, nami nilimwita baba, kama ofisi nzima ilivyomwita.

Kompyuta zetu zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na vipindi vyake. Ukitaka kipindi cha juma lililopita, unauliza kwanza kiko kwenye mashine ya nani, halafu unazunguka na flashi, na flashi zenyewe zimejaa virusi. Mashine moja ilipokufa, ilikufa na vipindi vya Ramadhani nzima. Hapo ndipo meneja alipotutafutia kompyuta kubwa iwe seva, akaniambia nichague programu ya kuziunganisha nyingine zote nayo.

Nilizopata za kujaribu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipeleka nakala ya kila faili kwenye kila kompyuta, lakini ilitaka intaneti wakati wote, na yetu ilikatika mawingu yakikusanyika tu. Ya pili ilikuwa ya bure. Faili zilikaa kwenye seva, na kompyuta nyingine zilizifungua kwa waya zetu wenyewe za ofisini. Ila kuiweka sawa kulinitoa jasho.

Mzee alikuja kukaa nami kwenye majaribio, kwa kuwa sauti nyingi zilikuwa zake. Kwa ile ya kwanza, chai yetu ilipoa kabla kipindi hakijafika kwenye mashine ya chumba cha habari. Kwa ya pili tulifungua kipindi hichohicho kwenye kompyuta zote kwa pamoja, na sauti yake ikatoka kila chumba, anawaamkia wakulima wa Kiswere.

"Leo nimekuwa wengi," alisema akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Alipotulia akaniambia, "Chukua hii. Lakini usiifunge kwa paswedi yako peke yako. Mtu akitaka kusikiliza, asikilize."

"Na akifuta, baba?"

"Kusikiliza na kufuta ni mambo mawili, binti yangu. Huwezi kuyatenganisha?"

Nilijaribu, ikawezekana. Tukaichukua hiyo.

Seva haikuwa na nafasi kubwa, kwa hiyo kabla ya kuhamisha tuliondoa rekodi mbichi, zenye maneno yake ya kabla na baada ya kipindi, na kubakiza vipindi vilivyokwisha kusafishwa. Alikaa pembeni yangu, vichwani tumevaa spika za masikio. "Toa hiyo, nakohoa." "Toa hiyo, naongea upuuzi." Nikatoa. Ndivyo redio zote zinavyofanya.

Kikohozi hakikuisha. Alipelekwa Lindi, kisha Dar es Salaam, wakakuta uvimbe kooni. Walimpasua, akarudi akiwa hai lakini hana sauti.

Alikuja ofisini mara moja tu, amevaa kanzu, shingo imefungwa kitambaa cheupe. Nikamwambia shikamoo baba. Midomo yake ikasema marahaba, nisisikie kitu. Akaketi kwenye kompyuta ya chumba cha habari, akakifungua kipindi chake mwenyewe, akajisikiliza kidogo ameinamisha kichwa. Kisha akapunguza sauti mpaka mwisho, akabaki anatazama mistari ya sauti ikipita kwenye kioo. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tanki la maji mpaka nilipoweza kurudi.

Alifariki msimu wa korosho haujaisha. Tangazo lake nililisoma mimi, maana wenzangu wote walikataa. Nilifika kwenye jina lake nikashindwa kuendelea. Meneja akaweka Kurani.

Mjane wake alikuja alipomaliza eda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumsikia."

Nilimvika spika za masikio, nikamfungulia kipindi. Alisikiliza kwa muda mrefu, uso umetulia, kisha akazivua.

"Huyu ni wa redioni," alisema. "Huyu nilikuwa namsikia nikiwa jikoni. Wa nyumbani hakuwa hivi. Alikuwa anaburuta maneno, anachanganya na Kimatumbi chetu, anagombana na kuku. Huyo hamna?"

Nilitafuta kwenye seva folda hadi folda, nikarudi kwenye kompyuta moja moja. Nilijua hazipo, lakini nilitafuta. Mwishowe nikamwambia kwamba hamna, rekodi za namna hiyo tuliziondoa.

"Mliziondoa na nani?"

"Na yeye, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni yeye huyo. Hakupenda watu wamsikie vibaya."

Nilimwekea vipindi kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Tukisubiri viingie, akaanza kuniigizia jinsi mumewe alivyokuwa akimwita akirudi kutoka shamba, kwa Kimatumbi, akiwa bado njiani. Mimi kwetu Kilangala, ambako hatusemi Kimatumbi, sikuelewa hata neno moja. Alirudia, safari hii kwa sauti ya juu. Alicheka peke yake, kisha akajifunika uso kwa ukingo wa kanga.

Nilikaa naye hapo hapo, nimemshika mkono, mpaka alipoomba maji.