Sabuni ya Farasi

Nilipoolewa hakuna aliyenidokeza kwamba nakwenda kuwa mke wa kumi na mbili. Wenzangu kumi na mmoja walikuwa na miguu minne kila mmoja, na kila alfajiri mume wangu aliwaamkia wao kwanza, mmoja mmoja, kwa kumpapasa paji la uso na kumuuliza usiku umepitaje. Mimi salamu yangu ilikuja mwisho, akiwa tayari ameshika kikombe cha chai kwa mikono inayonuka jasho la farasi. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikaacha, kwa sababu mwanamke anayemwonea wivu farasi hana wa kumshtakia.

Alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu na mkimya, na kazi yake ilikuwa kutunza farasi wa gwaride wa serikali. Mazizi yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya kambi yetu, na chini yake ilipita reli kuelekea Namuwongo. Mimi nililetwa Kampala na baba yangu, mfanyakazi wa reli kutoka Mombasa, nikiwa na Kiswahili changu cha pwani ambacho kambi nzima ilikicheka. Mume wangu aliniita Mombasa, kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi. "Mombasa, maneno yako iko mingi," angesema, halafu angetabasamu na kwenda zake zizini.

Ilikuwa ni miaka ile wanajeshi walipokuwa wanatawala. Vitu vilikuwa vinapotea madukani, sukari leo, chumvi kesho, na sabuni ndiyo iliyotuumiza wanawake kuliko vyote. Tulifulia majani ya mpapai. Ukimwona mtu na mche mzima wa sabuni ulijua ana ndugu jeshini, au ana biashara ya magendo. Watu pia walikuwa wanapotea. Gari lingekuja asubuhi kumchukua mtu "kuandika maelezo", na mke wake angebaki mlangoni na mwiko mkononi akisubiri arudi. Wengi hawakurudi. Haya ya pili hatukuyasema kwa sauti. Sabuni tuliizungumza mchana kutwa.

Mwaka mmoja likatoka agizo. Mgeni mkubwa anakuja nchini, na farasi wote kumi na mmoja watatoka kumpokea. Siyo kumi, wote. Afande aliyesimamia mambo hayo alikuja zizini mwenyewe, akawahesabu kwa kidole, akamwambia mume wangu kwamba akikosekana hata mmoja yeye ndiye atakayeulizwa. Mume wangu alipiga saluti. Siku ile alikula chakula chake chote bila kutambua anakula nini, na nilijua hilo kwa sababu nilikuwa nimesahau chumvi.

Hazikupita siku nne farasi jike mmoja, wa rangi ya majivu, mzee kuliko wote na kipenzi kuliko wote, akaanza kukohoa. Kamasi zikamtoka, masikio yakalegea, akakataa kula. Mume wangu naye akakataa kula. Daktari wa wanyama akaitwa kutoka upande wa chuo, akaja kwa baiskeli toka Wandegeya kwa kuwa petroli haikupatikana. Alikuwa kijana Mganda, mwembamba, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo isiingie kwenye mnyororo. Alimpima yule farasi, akaosha mikono kwa muda mrefu sana, kisha akatukusanya.

"Hii ni mafua ya falasi," alisema. "Inaletwa na virusi. Inaluka kwa pumzi, inatembea kwa ndoo, kwa mikono, kwa shati yako. Mugonjwa akae mbali. Mutu anagusa mugonjwa, hapana gusa muzima."

Mume wangu aliuliza ni dawa gani. Daktari akasema dawa hakuna. Kuna kupumzika tu, maji, na usafi.

Basi yule mzee wa rangi ya majivu akapelekwa kwenye bohari tupu lililokuwa karibu na reli, pamoja na mwenzake aliyekuwa amelala jirani naye. Askari wawili wakapewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa tu. Mume wangu akaamriwa abaki na wale tisa wazima, asiteremke kule hata hatua moja. Na mlangoni pa bohari daktari akaweka kitu ambacho kambi ilikuwa haijakiona kwa miezi mingi: beseni la maji safi na mche mzima wa sabuni, umetolewa na serikali, kwa amri kwamba kila atakayefika pale lazima anawe.

Daktari alikuwa amesoma sana, lakini wanawake wa kambini alikuwa hajawasoma.

Sisi mgonjwa tunakwenda kumwona. Ni aibu kubwa mtu augue jirani yako usimjulie hali, na aibu hiyo haina kabila wala dini. Hata mtu uliyegombana naye ukisikia kalazwa unafunga kitambaa kichwani unakwenda. Jirani yangu mmoja, Mkongo aliyekimbilia Uganda na kuuza samaki wakavu, ndiye aliyeanza. Alikuja kwangu asubuhi akiwa na mtoto mgongoni.

"Dada, mugonjwa hawezi kubakia yeye peke," alisema. "Twende tumuone. Na kule tutanawa."

Tulitazamana. Hatukucheka, kwa heshima ya mgonjwa.

Siku ya pili tulikuwa wanne, siku ya nne tulikuwa kumi na kitu. Tulisimama karibu na farasi tukamwambia pole mama, Mungu atasaidia, tukampa kipande cha muwa, halafu tukanawa. Tulinawa mikono, tukanawa viwiko, tukanawa watoto. Mmoja alikuja na sufuria zake. Wale askari wawili walijaribu kutuzuia, wakaulizwa kama mama zao wakiugua watapenda waachwe peke yao, wakatupisha. Mche ule uliisha kwa siku tano, na daktari, alipoona umekwisha, alifurahi kwamba amri yake inafuatwa. Akaleta mwingine.

Nitasema na langu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenituma mara ya kwanza. Alikuwa hawezi kuteremka, na moyo ulikuwa unamwuma. "Enda angalia yeye," aliniambia. "Kama anakula. Kisha rudi nyumba, badili nguo, ndio uje kwangu." Maneno ya mwisho aliyarudia mara mbili. Nilikwenda, nikaona anakula, nikabadili nguo, nikampelekea habari. Mara ya pili na ya tatu hakunituma. Nilijituma, kwa ajili ya sabuni.

Mara ya tatu yule jike alipiga chafya, chafya ya farasi, nusu ndoo, yote kwenye leso niliyojifunga. Nilipangusa kidogo kwa majani. Jua lilikuwa limepanda, chakula cha mume wangu kilikuwa tayari na kinapoa, na leso nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa imeanikwa mbichi. Nikajiambia mikono nimenawa, tena kwa sabuni ya serikali. Nikachukua sufuria nikapitia katikati ya zizi la wazima, maana ndiyo njia ya mkato. Farasi mmoja mweusi, kijana, mwenye tabia ya kudokoa mifuko ya watu, alinyoosha shingo akanusa leso ile kwa kuwa ilikuwa na harufu ya muwa. Alinusa sana. Mimi nikamwambia toka wewe mlafi, nikampiga kofi dogo la puani.

Siku ya tatu yule mweusi alikohoa. Baada ya siku chache wakawa sita wanaokohoa, na gwaride lilikuwa limebakiza wiki moja.

Afande alikuja na gari. Wanawake wa kambi waliona kutoka madirishani. Alisimama mbele ya zizi akipiga fimbo kwenye buti lake.

"Nani naharibu farasi ya serikali?" aliuliza. "Daktari alisema gonjwa huku, zima huku. Nani navuka?"

Askari waliangalia chini. Nilikuwa nimesimama karibu na mfereji na ndoo yangu. Nilitaka kusema. Nasema kweli nilitaka, lakini ulimi wangu, huu uliokuwa unanisumbulia ndoa yangu kwa wingi wa maneno, haukuinuka.

"Mimi, afande," mume wangu alisema. "Mimi natoka kwa gonjwa, naingia kwa zima. Ni kosa yangu."

Afande akasema kesho asubuhi gari litakuja limchukue akaandike maelezo. Akaondoka. Hakuna aliyenisogelea. Hata yule jirani yangu aliishia kunishika bega akapita.

Daktari alikuja jioni ile ile, akaambiwa. Alizunguka zizi na bohari akiwatazama farasi, halafu akaomba ubao, chaki na kufuli. Akawarudisha wagonjwa wote juu zizini, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kote, akamwambia mume wangu aingie ndani ya ua pamoja nao na godoro lake, akafunga lango. Kwenye ubao akaandika KARANTINI kwa herufi kubwa.

Asubuhi gari lilikuja kweli, na Afande mwenyewe ndani yake. Daktari alikuwa amesimama langoni na baiskeli yake.

"Huyu mutu amelala na wagonjwa," alisema. "Sasa ugonjwa sijui kama anao. Vitabu vinasema haushiki watu."

"Basi mutoe."

"Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya, afande. Falasi wa Ulaya na watu wa Ulaya. Hapa sisi hatujajalibu. Wewe ukimweka ndani ya gali yako, utakuwa wa kwanza kutuambia. Lakini siku ya gwalide utasimama kalibu na nani?"

Afande alilitazama gari lake, akatazama lango, akamwangalia mume wangu ambaye alikuwa anampangusa kamasi farasi kwa kiganja. Alirudi nyuma hatua tatu. Akauliza siku ngapi. Daktari akasema mpaka kikohozi kiishe, yeye atampa habari.

Kwa hiyo mume wangu akaishi na wenzangu kumi na mmoja, na sijapata kumwona mwanamume aliyefungwa akaonekana na raha kama ile. Mchana nilimletea chakula nikaacha juu ya jiwe, nikarudi hatua ishirini, yeye ndiyo atoke kuchukua. Tulizungumza kwa kupaza sauti mbele ya kambi nzima, kwa hiyo tulizungumza habari za farasi. Nani amekula, nani bado ana homa. Gwaride likapita bila farasi. Mgeni akachezewa ngoma, na husemekana alifurahi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Agizo lilisema wote, hakutoka hata mmoja, na juu ya Afande alikuwepo aliyekuwa anataka jina la mwenye kosa. Farasi walipona katika wiki ya tatu. Hata mimi kutoka kwenye jiwe langu niliona wanarukaruka. Daktari aliendelea kuja na baiskeli, akiwasikiliza vifua, akiandika kwenye karatasi kwamba bado. Mume wangu, ambaye hajui kusema uongo juu ya farasi, alimwambia, "Daktari, hii yote imepona." Daktari alimjibu, "Nani amesoma, mimi ao wewe?"

Siku moja mchana Afande akaja bila kuitwa. Gari lilisimama mbali kidogo na lango, akashuka, akasikiliza. Farasi kumi na mmoja walisimama wakimtazama, wazima kabisa, wakipunga mikia, kimya. Daktari hakuwepo. Mimi nilikuwepo, pale kwenye jiwe, na sufuria.

"Hapana kohoa," Afande alisema. "Imepona. Sajini, toka."

Nikaona kwamba huo ndio wakati. Niliweka sufuria chini, nikamwendea Afande, nikapiga magoti jinsi wanawake wa pale wanavyofanya, nikafungua mdomo. "Afande," nilisema, "siye yeye. Aliyetoka kwa wagonjwa akaingia kwa..."

Mume wangu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mtu. Alishika lango kwa mikono miwili, akakohoa kutoka tumboni, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama na machozi yakamtoka, na kila nilipofungua mdomo alikohoa kwa nguvu zaidi, akinitazama mimi, siyo Afande. Sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Afande alitoa kitambaa akaziba pua, akarudi kwenye gari kinyumenyume, na dereva akaondoa gari mlango wa nyuma ukiwa haujafungwa sawasawa. Mwezi ule ule Afande mwenyewe alikuja kuchukuliwa na gari la namna ile, na aliyeshika nafasi yake alitaka tu kujua farasi wanakula nini.

Gari lilipopotea nilibaki nimepiga magoti kwenye vumbi. Nilikuwa nalia. Nilikuwa sijawahi kumwambia lolote kuhusu leso, wala chafya, wala yule mweusi aliyenusa, na nikaelewa kwamba alikuwa anayajua yote tangu siku ya kwanza. Alijaribu kusema kitu kutoka langoni, sauti ikagoma. Akanionyesha kwa mkono niache sufuria niende nyumbani. Alikaa siku tatu bila kuweza kutamka neno, na siku hizo tatu nilimletea chakula nikasimama hatua zangu ishirini, na mimi pia sikuwa na la kusema.