Nyumba ya Jirani Alikopotelea Baba

Juzi nilishuka stendi ya Tarime, na kabla sijavuka barabara nikanusa kimea cha ulezi, kile cha kupikia pombe, kutoka uchochoroni. Rafiki yangu, harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu nyuma ya soko, enzi ambazo bibi alimshuku jirani yetu.

Bibi alitoka Nyanungu kuja kutulea mama alipofariki. Kwao, pombe ilikuwa ya sherehe: wazee wanazunguka chungu kimoja, wananyonya kwa mirija, jua likizama kila mtu anaenda kwake. Ya mjini hakuielewa. Baba alikuwa fundi pikipiki pale stendi, na jioni hakurudi moja kwa moja. Aliingia kwa jirani, mlango ukafungwa, akatoka baadaye sana, macho mekundu.

Asubuhi bibi alinusa koti lake. "Yule ndiye anayemharibu mwanangu," alisema, akatukataza kuchota maji bombani kwa jirani. Tukawa tunamchungulia huku tunatwanga. Akirudi na mfuko kutoka Sirari, mpakani, tuliapa umejaa chupa za pombe. Akitusalimia, tuligeuza shingo.

Siku moja, jua bado kali, bibi alisikia sauti ya baba kwa jirani, akatupa mwiko kwenye ugali, akavuka. Nikamfuata. Alisukuma mlango bila hodi. Baba alikuwa amelala mkekani, ndoo kando yake, jirani akimfuta uso kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama," jirani alisema. "Mimi sinywi. Anakuja hapa ameshalewa. Ameomba nimfiche mpaka apate nafuu, watoto wasimwone."

"Nani anamnywesha?"

"Si mmoja, mama. Mteja akifurahi anamletea kichupa cha pombe kali. Akikataa, wenzake wanamwuliza tangu lini amekuwa mwanamke. Na tangu mkewe afariki, anasema nyumba ni kimya, haiingiliki."

Bibi alikaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo. Akamshika baba mguu.

Tangu hapo baba hakujificha tena kwa jirani; alikuja moja kwa moja nyumbani, amelewa au hajalewa, na pikipiki akatengenezea uani. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Bibi hakumwomba jirani radhi. Siku iliyofuata alitukabidhi tu ndoo, tukachote maji kwake.

Wote watatu hawapo tena. Ilipokuwa nyumba ya jirani sasa pana grosari ya pombe, muziki tangu mchana. Nilisimama nikiwatazama wanaume walioinamia vichupa, nikajiuliza ni yupi kati yao anaogopa kwenda kwake, na kama mtaani amebaki mtu wa kumfungulia mlango.