Bata Wanne wa Maman Solange

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua nilipomwangusha dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, kwa sababu ya bata. Usicheke, mwanangu, ama cheka kidogo tu, kisha unisikilize.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu na wazazi wangu, tumepanga nyumba hapa Gihundwe, upande wa Rwanda. Jirani yetu, Maman Solange, aliondoka ghafla na watoto wake bila kuaga. Aliacha kufuli mlangoni na bata wanne uani. Mchana walizunguka mtaroni wakinywa maji ya sabuni. Jioni walirudi, wakajipanga mbele ya ule mlango, wakangoja. Jambo hilo lilinishangaza mno. Bata anakumbuka nini? Anajua siku zimepita ngapi? Nilikuwa nasimama dirishani nikiwatazama mpaka mama aniite mara tatu.

Ndipo nikaona mmoja, dume mweupe, anachechemea. Uzi wa wavu wa samaki ulikuwa umemkaza mguuni, nyama imevimba juu na chini ya uzi. Nikasema, leo namkamata. Nikachukua beseni, nikamkimbilia. Kelele zake na zangu! Wote wanne wakatoka mbio hadi barabarani. Moto ikawakwepa, ikateleza kwenye matope, dereva akachubuka kiwiko. Dume akatokomea kwenye majani ya bondeni akiburuta mguu wake.

Nyumba ya pili alikaa mjane aliyefuga bata tangu utotoni, Maman Nabintu, mtu wa kabila la Washi, wa ng'ambo ya mto, Kongo. Alimfunga dereva kiwiko kwa kitambaa, akamwomba radhi kwa niaba yangu, kisha akanigeukia.

"Weye, unamusaidia bata ao unamufukuza?"

"Namusaidia, Maman. Ule mwanamuke aliacha bata bafe na njaa. Hana roho."

"Muguu ya bata umeiona. Roho ya Maman Solange uliionea wapi?"

Nikaliweka beseni chini. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi, lakini siku ile ndiyo iliyonichapa.

"Kesho utakaa chini," akaniambia. "Bata anaogopaka mutu murefu."

Basi, kesho yake, saa ileile, nikachuchumaa ukutani na sahani ya pumba za mahindi zilizoloweshwa, na beseni la maji safi. Walisimama mbali. Siku ya tatu majike wakaja. Nikagundua wanageuza kichwa upande ili wanitazame kwa jicho moja, na kwamba wakila huchovya mdomo majini kila mara. Siku ya tano dume naye akaja, akala karibu na goti langu, nami nikazuia pumzi kama niko kanisani.

Siku ya sita Maman Nabintu alileta fimbo mbili ndefu. Hatukumgusa bata yeyote kwa fimbo hizo. Tulizinyoosha tu pembeni kama mikono, tukatembea polepole mpaka bata wakaingia kwenye kona ya ua. Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Maman Nabintu alimfunika dume kwa kitenge, akayabana mabawa taratibu, akamweka kwapani.

"Si muguu, si shingo," akanong'ona. "Bawa. Na kichwa ukifunika, anatulia."

Kweli alitulia. Nilikata uzi kwa mkasi mdogo, nikausafisha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kidole kimoja kilikatika baadaye, ila mguu ulipona.

Kwa kuwa bata ni mali ya watu, Maman Nabintu alikuwa ametuma habari kwa mchuuzi mmoja avukaye daraja la mto Rusizi kwenda Bukavu. Baada ya wiki mbili Maman Solange akaja, amekonda. Mtoto wake alikuwa amelazwa Bukavu. Aliwaacha bata kwa shemeji yake aliyeahidi kuwalisha, na shemeji hakufika hata siku moja. Alipowaona wanne wote wazima, alikaa palepale kwenye matope.

"Nilijua balishakufa," akasema.

Nilimletea kiti. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomsema, ingawa hakuwahi kuyasikia. Alitaka kunipa yule dume. Nikamwomba ruhusa ya kuja kumtazama tu.

Mwanangu, ukikuta kiumbe kimetelekezwa, usikirukie. Usilolijua ni usiku wa giza, basi kaa chini kwanza, utazame, ujifunze kinaogopa nini. Wape wenye shida maji kabla ya mikono yako. Mtafute mwenye kiumbe hicho kabla hujamhukumu, maana huenda naye anahitaji kusaidiwa vilevile.

Mungu akupe mikono mipole na macho yasiyochoka kuuliza. Na akujalie jirani wa kukukemea ungali kijana, kama alivyonijalia mimi.