Muziki Uliomshinda Profesa

Mdogo wangu, niliyemsomesha kwa kufua nguo za watu, ni mwalimu wa piano na hujiita Profesa. Wiki nzima alisikiliza santuri isiyo na jina, akaapa kwamba ni muziki uliopotea karne nzima. Akawaita walimu wenzake sebuleni awatangazie.

“Mashine ya santuri inazunguka polepole mno,” nilimwambia mbele yao.

“Dada, rudi jikoni. Haya ni ya wasomi.”

Mwalimu mmoja akasogeza swichi ya kasi. Ukatoka muziki uleule ambao wanafunzi wa mdogo wangu huuchakaza kila Jumamosi, nami nikipiga deki. Wageni wakaangua kicheko.

Profesa akanikodolea macho. “Dada ndiye aliyeigusa swichi akipangusa vumbi.”

Kusoma kote huko, na kuona haya hakujui.